Mafuta ya nywele na ndevu ya kupika mwenyewe: maji yakae mbali

Kati ya Juni na Oktoba, upepo wa Dodoma hauna huruma na ngozi ya mtu. Mvua zimeshaondoka, hewa ni kavu, vumbi halina likizo. Aliyetoka kwa kinyozi asubuhi anarudi jioni kichwa kimepauka, na mwenye ndevu anashinda akijikuna kidevu. Ndiyo maana sisi wa maabara ya kemia tunaulizwa mara kwa mara: je, mwanaume anaweza kujitengenezea mafuta ya nywele na ndevu nyumbani, bila kiwanda?

Anaweza, na malighafi nyingi zimetuzunguka hapa hapa Kanda ya Kati. Sharti ni moja, na ukilishika hilo mengine yote ni ufundi mdogo wa jikoni: kwenye chombo chako kusiingie maji.

Bakteria na kuvu hawawezi kuzaliana pasipo na maji. Mchanganyiko wa mafuta na nta peke yake ni jangwa kwao. Ukiongeza maji, iwe ya kisima, ya waridi au utomvu wa mshubiri, umewafungulia mlango. Viwanda vinavyotengeneza losheni na jeli huweka vihifadhi vilivyopimwa kwa uangalifu, kisha hujaribu bidhaa kwa wiki nyingi kuona kama vimelea wanaota. Wewe jikoni huna kipimo hicho. Jeli ya mshubiri iliyokaa kabatini siku chache inaweza kuwa imejaa vimelea kabla hata haijabadilika harufu, na wewe unaipaka kwenye kidevu kilichopitiwa na wembe dakika tano zilizopita, kina michubuko isiyoonekana kwa macho. Friji inachelewesha tu. Ukipenda mshubiri, kata jani, tumia siku hiyo hiyo, kinachobaki tupa.



Tuanze na nta ya nyuki, kwa kuwa ndiyo inayoshika umbo la nywele na kuzuia unyevu wa ngozi usipotee. Wafugaji wa nyuki wa Manyoni, Itigi, Kondoa na Chemba wanayo, mara nyingi ikiwa masega meusi yenye mabaki ya asali. Isafishe kwa kuiyeyusha ndani ya maji ya moto, uichuje kwa kitambaa cha pamba, kisha uiache ipoe usiku kucha. Asubuhi itakuwa imeelea juu kama mkate. Kwangua uchafu ulioganda upande wa chini. Kwa kazi hii tumia maji ya mvua kama unayo. Maji ya visima vyetu yana madini mengi ya chokaa, nayo huifanya nta iwe na rangi ya kijivu na kuvurugika. Epuka pia sufuria ya chuma chenye kutu au ya shaba, kwani nta hubadilika rangi. Ya aluminiamu inafaa. Baada ya hapo iyeyushe tena, safari hii bila maji, mpaka itulie kabisa isitoe mapovu. Hatua hii ya pili watu huiruka, halafu wanashangaa mafuta yao kuota ukungu.

Sasa mafuta. Alizeti ya Singida na Dodoma ni nyepesi na rafiki wa ngozi, lakini ina asidi nyingi ya linoleiki inayoathiriwa haraka na hewa, joto na mwanga, hivyo inachacha upesi. Ukinunua ya kukamua pale kwenye mashine za barabarani, iache itulie siku kadhaa, kisha mimina taratibu ya juu uyaache mashapo chini, maana mashapo yanabeba unyevu. Ufuta unadumu kuliko alizeti kwa sababu una kinga yake ya asili dhidi ya kuchacha. Mafuta ya mbegu za ubuyu nayo ni mazuri, ingawa bei yake inamfaa zaidi mwenye ndevu kidogo. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki inayopenya ndani ya unywele wenyewe, jambo ambalo mafuta mengi hayawezi. Tatizo lake hapa ni hali ya hewa: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Julai utayakuta yamekuwa jiwe, na mchana wa Novemba yanamwagika mfukoni. Maelekezo ya mtu wa Dar es Salaam hayatakufaa Dodoma bila marekebisho.

Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanang'arisha ndevu vizuri, ila usijaribu kuyakamua mwenyewe. Mbegu ya nyonyo ina sumu iitwayo raisini. Mbegu chache zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto. Sumu hiyo haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, ndiyo sababu mafuta yaliyosafishwa ni salama kupaka huku mashudu yakiwa hatari kwa watoto, kuku na mbuzi. Nunua chupa ndogo duka la dawa.

Kwa kopo la gramu 100, pima nta gramu 20, mafuta ya nazi gramu 40 na ya nyonyo gramu 40. Tafuta mizani ndogo ya kupimia gramu, vijiko vinadanganya. Weka vyote kwenye bakuli la chuma au glasi ngumu, uliweke bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka kwa moto mdogo, maji yasifike mdomoni mwa bakuli. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi 63, na hata kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, joto hilo linatosha na kubaki. Usiweke bakuli moja kwa moja juu ya jiko la mkaa au gesi. Yakishika moto, usimwagie maji kamwe: zima jiko, funika kwa mfuniko.

Vikishayeyuka, dondosha tone moja kwenye kijiko baridi ulipime kwa kidole. Likiwa laini mno ongeza nta kidogo. Miezi ya Oktoba na Novemba utahitaji kufika gramu 25. Likiwa gumu ongeza mafuta. Epua, tumbua kidonge kimoja cha vitamini E umiminie humo kupunguza kasi ya kuchacha, kisha mimina kwenye kopo la glasi lililochemshwa na kukauka kabisa. Funika yakishapoa, si kabla.

Mwenye ndevu anayetaka mafuta mepesi asihangaike na nta. Sehemu mbili za ufuta na moja ya nyonyo kwenye chupa yenye rangi zinatosha. Matone machache kiganjani, baada ya kunawa uso.

Manukato mimi huyaacha, kwa kuwa nta yenyewe inanukia asali. Kama lazima, mafuta ya karafuu yasizidi matone 5 kwa gramu 100, kwani yanaunguza ngozi. Limau na ndimu nazipiga marufuku kabisa. Vijana wanajipaka ndimu baada ya kunyoa kisha wanatoka juani, na kemikali iliyomo kwenye ganda na maji yake ikikutana na jua kali la hapa huacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi. Bidhaa yoyote mpya ijaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili.

Kuna mambo ambayo mafuta hayafanyi. Hayaoteshi nywele palipoanza upara, hata muuzaji aape vipi. Hayatibu mapunye, hiyo ni fangasi iliyoingia kwenye mizizi ya nywele, na mgonjwa anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya. Mba ndiyo inayowachanganya wengi. Mtu anaona magamba meupe, anadhani ni ukavu, anaongeza mafuta. Kumbe mba huchochewa na fangasi fulani wa jamii ya hamira anayeishi kichwani kwa kula mafuta, kwa hiyo unamlisha. Mwenye mba aache mafuta, anunue shampuu ya ketokonazo duka la dawa. Na kabla hujasema una mba, angalia sabuni yako: sabuni ya mche ikikutana na maji yetu magumu huacha utando mweupe kwenye nywele unaofanana sana na magamba.

Rangi nyeusi ya ndevu na dawa za kulainisha nywele usizichanganye nyumbani kwa namna yoyote. Piko, ile rangi nyeusi ya dukani, ina kemikali ambayo imepeleka watu hospitalini wakiwa wamevimba uso na koo, na ikimezwa inaua. Dawa nyingi za kulainisha zina magadi makali yanayoweza kuunguza ngozi na kupofusha jicho.

Vinyozi, kopo moja la kuchovya vidole kwa wateja wote linasambaza vimelea hata kama mafuta ni safi. Chota kwa kijiti kikavu, weka kiganjani, kijiti usikirudishe.

Na ukianza kuwauzia majirani, hiyo tena si kazi ya jikoni. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa inayouzwa inapaswa kusajiliwa huko. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iliyo Dodoma huwasaidia wajasiriamali wadogo, anzia hapo. Lebo iandike viambato vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kwa mchanganyiko niliouelezea, miezi sita kivulini. Mafuta yakianza kunuka kama karanga za zamani kabla ya hapo, yatupe.