Sarafu ya Kale Ikikufikia Mkononi, Usiisugue

Wengi wanaoleta sarafu za kale kwetu makumbusho huwa wameshazisugua kwa limau, siki au majivu, wakidhani wanaturahisishia kazi. Sarafu ya shaba ya Kirumi iliyolala ardhini miaka 1,700 hujivika utando mgumu wa kijani au kahawia, na mara nyingi nywele za kaizari na herufi za jina lake zimebaki katika utando huo tu. Ukiukwangua, umefuta maandishi yenyewe. Ukiona unga wa kijani kibichi unapukutika, hiyo ni kutu ambayo bado inaila sarafu: itenge na nyingine, iweke pakavu, umtafute mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza vitu vya kale.

Anza na mzani wa sonara na rula. Tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya Athens ya karne ya 5 KK, iliyotengenezwa kwa fedha ya migodi ya Laurion, karibu na mji huo, ina uzito wa takriban gramu 17. Upande mmoja yupo mungu wa kike Athena amevaa kofia ya vita. Upande wa pili bundi anakutazama, kitawi cha mzeituni nyuma yake na herufi ΑΘΕ mbele yake. Ikipungua gramu kadhaa, au ukiona mstari wa kuungia ukizunguka ukingo na vitundu vidogo vya mapovu usoni, umeshika sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Za kweli ziligongwa kwa nyundo, moja moja, ndiyo maana picha huweza kuangukia pembeni na kishungi cha kofia ya Athena kikakatika. Hiyo si kasoro ya kukutia shaka.

Sarafu za Kirumi zina raha yake, kwa sababu husomeka. Chukua dinari ya fedha ya Kaizari Trajan, yenye uzito wa gramu 3 na kitu. Kuzunguka kichwa chake imeandikwa IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P, na nyuma COS V P P SPQR OPTIMO PRINC. DAC ni sifa ya mshindi wa Dacia (Romania ya leo), aliyoipata mwishoni mwa mwaka 102 BK. COS V maana yake ameshakuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma, mara 5. Ukonsuli wa tano ulikuwa mwaka 103 na wa sita mwaka 112. Kwa hiyo, hata bila kitabu, umejua kwamba dinari hiyo iligongwa kati ya 103 na 111. Nimeifanya kazi hii muda mrefu, na hesabu hiyo bado hunifurahisha.

Ukipiga picha, simu inatosha. Zima flashi. Iinue sarafu kidogo juu ya kizibo cha chupa, chini utandaze kitambaa cheusi, kisha uache mwanga wa dirisha uje kwa ubavu kutoka upande wa juu wa kichwa kilicho kwenye sarafu. Mwanga ukitokea chini, jicho hudanganyika na uso uliochomoza huonekana umebonyea. Simu isiinamie upande. Piga pande zote mbili na ukingo, rula ikiwa kando.

Halafu andika ilikotoka, nami nalisisitiza hili kuliko yote. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK unaitaja Rhapta, soko la pwani yetu ya Afrika Mashariki ambalo mahali pake hapajathibitishwa hadi leo, kwa hiyo sarafu za enzi hizo zingetusaidia sana. Mwaka 1912 afisa Mwingereza, Haywood, alisema amepata sarafu huko Bur Gao, kusini mwa Somalia. Zilikuwemo za wafalme akina Ptolemaio wa Misri na za makaizari wa Roma, lakini pia za watawala Waislamu wa Misri waliokuja karne nyingi baadaye. Hakuna aliyeandika zilikaa vipi ardhini: chungu kimoja au vingi, udongo wa juu au wa chini. Wanaakiolojia hawawezi kuzitegemea kama ushahidi wa biashara ya enzi hizo, ingawa inajulikana ni za watawala gani.

Kwa hiyo ukiokota sarafu shambani au ufukweni, usichimbe zaidi. Piga picha ya mahali penyewe, chukua alama za ramani kwenye simu, andika tarehe, na utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya taifa. Anayenunua naye adai hati zinazoonyesha sarafu ilitoka wapi na ilipitia mikono ya nani. Muuzaji asiye nazo, usinunue kwake.