Kufunguliwa: yale tunayoambiana na yale yaliyoandikwa

Mi naamini Yesu anaponya, niseme hilo mapema mtu asije akadhani nabeza maombezi. Ila kuhusu kufunguliwa, yaani kutolewa mapepo, magonjwa na laana kwa maombi, kuna vitu tumeviokota kwenye mikesha na klipu za wasapu tukavifanya mafundisho, na vinamwongezea mtu mzigo badala ya kumtua.

Kubwa kuliko zote ni hii ya "hujapona kwa sababu imani yako ndogo". Yaani mtu anaumwa, afu anarudi nyumbani na hatia juu ya ugonjwa. Sasa yule wa birika la Bethzatha, Yohana 5, miaka 38 hawezi kutembea, Yesu kamponya na hata alipoulizwa nani kakuponya hakumjua. Hapo imani kubwa iko wapi? Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondoke, haukuondoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Na mwenzake wa safari, Trofimo, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, Paulo huyohuyo mtume mzima, ambaye leso zake tu zilikuwa zinaponya watu.

"Ni laana ya ukoo." Haya, mtu hajaolewa ni bibi, kafeli mtihani ni babu, mimba imetoka ni shangazi wa kijijini, na familia nyingi hapa ndo zimevunjika kabisa, watu hawasalimiani msibani. Wanaofundisha hivi wanashika Kutoka 20:5, kizazi cha tatu na cha nne, ila mstari wa 6 unaosema anawarehemu maelfu wampendao wanauruka. Wakati wa Ezekieli watu walikuwa na msemo wao kwamba baba wamekula zabibu mbichi, watoto ndo wakatiwa ganzi ya meno, Mungu akawaambia uacheni huo msemo, mwana hatauchukua uovu wa baba yake (Ezekieli 18). Na wanafunzi walipouliza kuhusu yule kipofu wa kuzaliwa, katenda dhambi yeye au wazazi wake, Yesu alijibu si yeye wala wazazi wake.

Kwamba lazima uanguke na kupiga kelele ndo ujue umefunguliwa, hamna. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 aligusa vazi tu, kimyakimya.

Dawa sasa. "Ukimeza umemkana Mungu." Jamani, Isaya mwenyewe alipopeleka habari ya kupona kwa mfalme Hezekia aliagiza tini zibandikwe kwenye jipu! Tunakumbuka Loliondo 2011, kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu, pale Samunge kwa shilingi 500, foleni ya magari haionekani mwisho, na wapo walioacha ARV, dawa za virusi vya ukimwi, wakaamini wamepona. Virusi vinarudi kuzaliana ukiacha. Kifafa nacho hivyohivyo, ukikatisha vidonge ghafla unaweza kupata degedege lisilokatika, na hapo mtu anakufa, halafu wanasema pepo lilikuwa gumu. Kama umeombewa na unaamini umepona nenda kapime, wale wenye ukoma wenyewe waliambiwa wakajionyeshe kwa makuhani.

Ya mwisho ni kwamba nguvu iko kwenye mafuta ya mtumishi fulani, na bila mbegu, yaani hela unayomtolea, kifungo hakikatiki. Tarehe 1 Februari 2020 kule Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mafuta yapo kwenye Biblia, sikatai, Yakobo 5:14, lakini soma vizuri, mgonjwa ndo anawaita wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka, hamna foleni wala namba ya kutuma hela. Nabii Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma, talanta 10 za fedha zimeletwa mpaka mlangoni, mtumishi wake Gehazi ndo akakimbilia kumfuata Naamani achukue sehemu yake, na akaondoka na ukoma. Kwa hiyo ukiumwa wapigie wazee wako waje nyumbani, na nauli wajitegemee.