Pichi haramu kwenye softiboli: tazama mguu kwanza

Watu wengi wakisikia refa ameita pichi haramu, yaani rusho lililovunja kanuni, kwenye softiboli ya kasi wanajua tu pitcha (anayemrushia mpigaji mpira) kakosea mkono, basi makelele yanaanza, kumbe mara nyingi kosa lilikuwa chini kwenye miguu na karibu kila mtu alikuwa anafuata mpira.

Kibao cha pitcha kina urefu wa sm 61 na upana wa sm 15. Anaanza akiwa amekikanyaga, mikono imeachana, anapokea ishara ya kecha (mdakaji aliye nyuma ya mpigaji), anaunganisha mikono, anatulia, ndo anarusha. Hatua ya mbele isitoke nje ya urefu wa kile kibao, kushoto wala kulia, na mkono upite chini ya nyonga wakati wa kuachia mpira. Hayo yanaonekana vizuri, sikai hapo.

Kinacholeta ugomvi ni mguu wa kusukumia. Kawaida unaondoka kwenye kibao ukiburuta chini. Miguu yote miwili ikiwa hewani kwa pamoja hiyo ni kuruka, na hapo angalia kitabu cha ligi yako maana kuna kanuni zinazoruhusu na zingine hazitaki kabisa. Ila mguu ukitua mbele ya kibao, ukakamata ardhi na kusukuma upya kabla mpira haujatoka mkononi, hiyo ni haramu, na sababu yake ni ya haki kabisa: kwa wanawake wakubwa kibao kiko mita 13.11 kutoka hombezi, yaani bezi anayosimama mpigaji, sasa anayesukuma mara ya pili akiwa ameshasogea anamwibia mpigaji muda ambao tayari ni mdogo mno.

Utajuaje kasukuma tena? Tazama goti la mguu huo, likikunjwa halafu likanyooka kwa nguvu wakati mkono bado uko juu, kasukuma. Alama ya mburuto kwenye udongo inasaidia, lakini tafadhali usiite kwa alama peke yake, maana mbele ya kibao huwa panachimbika shimo na mguu ukipita juu ya shimo bila kuzidi usawa wa uwanja unaonekana uko hewani wakati haujaruka kitu.

Akishaita, refa ananyoosha mkono wa kushoto umefumba ngumi na mchezo unaendelea kwanza. Mpigaji akipiga akafika bezi ya kwanza salama na kila mkimbiaji akasogea angalau bezi moja, kosa linafutwa. Isipokuwa hivyo, kocha wa wanaopiga anachagua matokeo ya mchezo au adhabu, yaani bol moja (rusho linalohesabiwa kuwa baya) kwa mpigaji, na kanuni zingine zinawasogeza wakimbiaji pia.

Na mkiona refa wa bezi ndo kaita huku wa nyuma ya kecha kanyamaza, msiseme hawaelewani jamani. Wa bezi anauona mguu kwa ubavuni, mwenzake alikuwa anatazama mkono na kama mpira ni straiki, yaani umepita eneo halali la kupigwa.