Grisi nyingi na uhai wa mota

Kwenye vinu vya posho hapa Kisumu, wengi huamini kuwa mota ya umeme ikitiwa grisi nyingi hudumu zaidi. Imani hiyo ina chanzo: beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoshika mhimili wa mota ukizunguka, kweli huungua ikiwa kavu. Lakini ikijazwa pomoni, gololi hubaki kuikoroga grisi, joto hupanda, na ziada huweza kupenya hadi kwenye koili, yaani nyaya zilizosukwa ndani ya mota, na kunasa vumbi la unga.

Tena mota nyingi ndogo hazitiwi grisi kabisa. Zima umeme, mwombe fundi akuonyeshe beringi: ikiwa na alama 2RS au ZZ, imefunikwa pande zote mbili, grisi yake imo tangu kiwandani. Ikianza kulia, hubadilishwa. Kwa mota kubwa yenye tundu la grisi, soma kibati chake cha maelezo. Mara nyingine kiasi kimeandikwa.