Jengo la Mfereji lililoanza kama hoteli

Wageni wengi wa Casco Viejo, mji mkongwe wa Panama, huamini kwamba jengo la Makumbusho ya Mfereji lilijengwa na kampuni ya Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeanza kuchimba Mfereji wa Panama. Sivyo. Lilijengwa mwaka 1874 likiitwa Grand Hotel, kampuni yenyewe haijazaliwa. Wafaransa walilinunua 1881, wakageuza hoteli kuwa ofisi. Dhana hiyo inaeleweka: ukilitazama kutoka uwanja wa kanisa kuu, paa lake lina sura ya Paris kabisa. Kampuni ilifilisika 1889. Tarehe 4 Mei 1904, ofisa wa jeshi la Marekani, Mark Brooke, alikabidhiwa humohumo mali za Wafaransa, Marekani ilipochukua kazi ya mfereji, kwa sherehe fupi mno. Baadaye likawa posta. Makumbusho ni ya 1997.