Kusajiliwa kama wakala wa nchi ya kigeni si kutuhumiwa ujasusi

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba sheria ya Marekani ya kuwasajili mawakala wa nchi za kigeni, iliyopitishwa mwaka 1938, inakataza watu kuzitumikia serikali za nje, na kwamba kila aliyemo katika rejista yake ni jasusi aliyefichuliwa. Imani hiyo si sahihi, na inapoingia katika mijadala ya miswada mipya huipotosha tangu mwanzo.

Sheria hiyo ilitungwa wakati Bunge la Marekani, likihofia propaganda ya Wanazi, lilipoamua kwamba wananchi wana haki ya kujua ni nani anayegharamia maneno wanayoelezwa. Haikuyazuia maneno yenyewe. Anayefanya kazi ya kisiasa au ya uenezi kwa niaba ya serikali ya kigeni hujiandikisha katika Wizara ya Sheria, hutaja anayemtuma, malipo anayopokea na shughuli anazozifanya, kisha huendelea na kazi yake; kosa ni kuficha. Ujasusi una sheria yake, ya mwaka 1917.

Mwaka 2018 Australia ilitunga sheria mbili: moja ya uwazi, nyingine ya kuadhibu ujasusi na uingiliaji wa siri. Naona utengano huo ni wa busara, kwa kuwa ushawishi wa wazi ni sehemu ya kawaida ya diplomasia. Hofu ya kweli, ambayo wakosoaji wana haki ya kuisisitiza, ni tafsiri pana ya neno “wakala”, inayoweza kumnasa hata mwandishi wa habari au shirika la hiari lililopokea msaada kutoka nje.