"Hainiumi tena": maswali kuhusu kipimo cha neva na misuli

Neva kubanwa mgongoni ni nini?
Neva hutoka kwenye uti wa mgongo kupitia matundu kati ya pingili. Diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili, ikichomoza, neva huweza kubanwa. Ikibanwa kiunoni, maumivu hushuka mguuni. Shingoni, hushuka mkononi.

Kipimo kinafanywaje?
Tunapitisha umeme mdogo kwenye ngozi kuona neva inapeleka taarifa kwa kasi gani. Kisha tunachoma misuli kadhaa kwa sindano nyembamba na kusikiliza umeme wake. Sindano haina dawa, kwa hiyo usishangae jioni maumivu yakiwa palepale. Usijipake mafuta, na useme kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

MRI ninayo. Hiki cha nini tena?
MRI ni picha ya ndani ya mwili. Inaonyesha umbo, na wapo wengi wenye diski zilizochomoza wasioumwa chochote. Hiki kinaonyesha neva ipi imeumia, na kama msuli umeanza kupata uhai tena.

Maumivu yameisha, imebaki ganzi tu. Si nafuu hiyo?
Si lazima. Kama mguu umelegea, si nafuu hata kidogo. Mama mmoja aliingia kwangu na ndala moja. Ya pili ilimchomoka koridoni bila yeye kujua. "Nimepona, hainiumi tena." Nikamwomba atembee kwa visigino. Kidole gumba hakikunyanyuka. Alikuwa amekandwa miezi minne.

Lakini mchuaji anasema ganzi ni damu inarudi.
Sio damu. Neva iliyochoka kulalamika hunyamaza, nanyi mnashangilia. Na tafadhali, mtoto asikukanyage mgongo.

Basi nisubiri kwanza nione?
Maumivu matupu, bila udhaifu, mara nyingi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12. Mguu ukiburuza au mkono ukiangusha kikombe, muone daktari siku hiyohiyo. Sindano zetu huenda zisione kitu kwenye misuli ya mguu kabla ya wiki 3 hivi. Hizo wiki 3 ni za kipimo. Daktari hasubiri wiki 3. Nimerudia makusudi.

Na mkojo ukigoma kutoka, au nikifa ganzi katikati ya mapaja?
Usije kwangu. Nenda idara ya dharura usiku huohuo, maana huenda ukahitaji upasuaji haraka. Wala usipitie kwa mchuaji njiani.